Lincoln wa Gettysburg au Lincoln wa Machi 1865: uchague hotuba ipi?

Mwalimu wa historia mwenye kipindi kimoja tu cha kufundisha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mlezi wa klabu ya midahalo anayemtafutia mwanafunzi hotuba ya kukariri, na mtu aliyeombwa kusoma maneno machache kwenye kongamano la maridhiano: wote hawa wakimgeukia Abraham Lincoln hukutana na hotuba mbili. Ya kwanza aliitoa Gettysburg, Pennsylvania, tarehe 19 Novemba 1863. Ya pili aliitoa Washington tarehe 4 Machi 1865, siku alipoapishwa kwa muhula wa pili. Zote mbili zimechongwa ndani ya jengo la kumbukumbu yake mjini Washington, ile ya Gettysburg ukuta wa kusini, ile ya kuapishwa ukuta wa kaskazini.

Wengi huchagua ya Gettysburg. Ni fupi, ina jina kubwa, na sentensi yake ya mwisho kuhusu serikali ya watu inajulikana hata kwa asiyejua vita vyenyewe vilikuwa vya nini. Mimi naweka wazi msimamo wangu tangu mwanzo: kama jambo lako ni utumwa, na namna taifa linavyoweza kupatana baada ya kuuana, chagua ile ya Machi 1865, na uisome yote bila kuikata. Kama jambo lako ni jingine, ya Gettysburg inaweza kukufaa zaidi, na nitaeleza ni wakati gani.

Zilivyozaliwa

Mapigano ya Gettysburg yalidumu siku tatu, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863. Ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea kwa pande zote mbili, unafika watu 51,000 hivi. Maiti zilizikwa haraka haraka mashambani, kisha ikaamuliwa kutengwa makaburi rasmi ya askari wa Kaskazini, upande wa Lincoln uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyoasi. Mzungumzaji mkuu wa siku ya kuyazindua hakuwa rais. Alikuwa Edward Everett, msemaji mashuhuri wa enzi hiyo, aliyezungumza kwa muda wa saa mbili. Lincoln aliombwa aseme machache tu ya kuyaweka wakfu makaburi, akasema maneno 270 hivi kwa dakika zisizozidi tatu. Kesho yake Everett alimwandikia kwamba angefurahi kama yeye kwa saa mbili angekikaribia kiini cha siku ile jinsi rais alivyokikaribia kwa dakika mbili.

Machi 1865 mambo yalikuwa mengine kabisa. Vita vilikuwa vinaelekea ukingoni, na jenerali wa Kusini, Robert E. Lee, angesalimu amri huko Appomattox tarehe 9 Aprili, wiki tano tu baadaye. Washington ilinyeshewa mvua, barabara zikawa matope matupu. Ndani ya Seneti, makamu mpya wa rais, Andrew Johnson, alikula kiapo akiwa amelewa, akawaaibisha waliokuwapo. Kisha wote wakatoka nje, upande wa mashariki wa jengo la Kongresi, ambalo kuba lake jipya la chuma lilikuwa limekamilika vita vikiendelea. Watu weusi walikuwa wengi katika umati ule, na kwa mara ya kwanza askari weusi waliandamana katika gwaride la kuapishwa kwa rais. Lincoln aliposimama, jua likachomoza. Alisoma maneno 700 hivi, kwa dakika sita au saba, ndipo akaapishwa na Jaji Mkuu Salmon P. Chase. Katika umati huo huo alikuwemo John Wilkes Booth, atakayemuua Lincoln kabla ya majuma sita kwisha.

Umati ulitarajia nini siku hiyo? Rais aliyeshinda uchaguzi katikati ya vita, na jeshi lake linashinda kila upande, angeweza kujisifu na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kuwatukana waasi, kuhesabu mapigano aliyoshinda, kutaja majina ya majenerali. Mambo ya jeshi aliyapitia kwa sentensi moja, akasema kila mtu anayajua. Ukitaka kujua hotuba hii ni ya aina gani, anza hapo.

Utumwa: moja yaukwepa, nyingine yautaja kwa jina

Soma hotuba ya Gettysburg kutoka mwanzo hadi mwisho. Neno utumwa halimo. Kusini haimo. Hata Gettysburg yenyewe haitajwi. Kilichomo ni mwaka 1776, miaka 87 kabla ya siku ile, taifa lilipoanzishwa juu ya msingi kwamba watu wote wameumbwa sawa, na ahadi kwamba taifa hilo chini ya Mungu litazaliwa upya katika uhuru. Msikilizaji wa 1863 alijua uhuru huo ni wa nani. Tangazo la kuwaweka huru watumwa katika majimbo yaliyoasi lilikuwa limeanza kazi tarehe 1 Januari mwaka huo huo. Gazeti la Chicago Times, lililompinga Lincoln, lilielewa vizuri sana: lilimkemea kwa kudai kwamba askari walikufa kwa ajili ya usawa wa watu wote, wakati Katiba ya nchi ilikuwa inautambua utumwa. Kwa hiyo si kweli kwamba hotuba ile haihusu utumwa. Inauhusu, ila unahitaji mtu wa kukueleza.

Shida ni kwamba msikilizaji wa leo hana mtu huyo. Mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret akisikia maneno yale bila maelezo, anaondoka na picha ya mashujaa waliokufa kwa ajili ya demokrasia, basi. Hatajua kwamba jeshi la Kusini lilipoingia Pennsylvania kiangazi kile liliwakamata watu weusi waliokuwa huru, likawapeleka Kusini utumwani, na kwamba wakazi weusi wa eneo la Gettysburg walikimbia makwao kwa sababu hiyo. Mahali pale pale palipowekwa wakfu palikuwa pamesakwa watu. Hotuba nzuri kiasi hicho, na hilo halimo.

Sasa nenda kwenye hotuba ya Machi 1865. Lincoln anasema moja ya nane ya watu wote wa nchi walikuwa watumwa weusi, na kwamba hawakutawanyika nchi nzima bali walikuwa Kusini. Hesabu yake ni sahihi: sensa ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4 kati ya watu milioni 31 na ushee. Anasema utumwa ulikuwa maslahi ya pekee na yenye nguvu, na kwamba wote walijua maslahi hayo, kwa namna fulani, ndiyo yaliyosababisha vita. Wote walijua. Hakuna pa kujificha nyuma ya haki za majimbo wala ushuru wa forodha, ambavyo wengine hudai ndivyo vilivyoleta vita.

Na hapo ndipo linapokuja jambo ninaloliona zito kuliko yote. Hakusema utumwa wa Kusini. Alisema utumwa wa Marekani. Mungu, anasema, ameipa Kaskazini na Kusini vita hivi vya kutisha kuwa ole wa wale walioleta kosa. Aliyeshinda anajiweka kwenye benchi moja la washtakiwa na aliyeshindwa. Ni viongozi wangapi wa vita unaowajua waliofanya hivyo wakati ushindi uko mlangoni?

Kwamba Kaskazini ilikuwa na mkono wake katika dhambi ile, sisi wa pwani hii tunao ushahidi wetu, na nashangaa hautajwi madarasani. Kuanzia miaka ya 1830, merikebu za kutoka Salem, Massachusetts, zilileta Unguja shehena za kitambaa kile cheupe kisichopaushwa, merikani, kilichofumwa katika viwanda vya Kaskazini. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kusini. Misafara iliibeba merikani hadi Tabora na Ujiji, ikatumika kama fedha, na pembe za ndovu zikashuka pwani mabegani mwa watu, wengine wao watumwa pia. Vita vya Marekani vilipokata pamba, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Mfanyabiashara wa Salem hakuwahi kushika mjeledi. Lakini kila jora aliloshusha forodhani Unguja lilikuwa na jasho la mtu asiyelipwa. Lincoln anaposema kosa ni la pande mbili, hasemi kwa adabu tu. Anasema kweli ya kibiashara.

Kisha inafika sentensi ngumu kuliko zote alizowahi kuzitamka hadharani. Tunatumaini na kuomba kwamba vita hivi vipite upesi, anasema. Lakini kama Mungu anataka viendelee mpaka mali yote iliyolimbikizwa kwa miaka 250 ya kazi ya mtumwa asiyelipwa izame, na mpaka kila tone la damu lililotolewa kwa mjeledi lilipwe kwa lingine lililotolewa kwa upanga, basi bado itabidi kusema kwamba hukumu za Bwana ni kweli, zina haki kabisa.

Usiipite haraka. Rais wa nchi ambayo imezika vijana wake, 620,000 kwa hesabu iliyozoeleka na hata 750,000 kwa makadirio ya karibuni, anawaambia mama zao kwamba damu ile huenda ni malipo. Mali inayozama ni mali ya miaka 250, tangu enzi za ukoloni wa Kiingereza, na kazi ile anaiita kwa jina lake: kazi isiyolipwa. Wanaojadili fidia ya utumwa leo wanaweza kuanzia hapo hapo.

Adui anavyotajwa

Hapa hotuba zote mbili zina ukarimu, ila si wa aina moja. Gettysburg haina hata neno moja la matusi kwa Kusini, lakini pia haina mahali pa Kusini. Makaburi yale yalikuwa ya askari wa Kaskazini, na waliosifiwa ni wale waliotoa maisha yao ili taifa lisife. Adui hayupo, si kwa sababu amesamehewa, bali kwa sababu siku ile haikuwa yake.

Machi 1865 adui yupo waziwazi, na yuko ndani ya sentensi moja na msemaji. Pande zote mbili zilichukia vita, lakini mmoja alikuwa tayari kupigana kuliko kuacha taifa liishi, na mwingine alikuwa tayari kupigana kuliko kuliacha life. Na vita vikaja. Pande zote mbili zinasoma Biblia ile ile, zinamwomba Mungu yule yule, na kila mmoja anaomba msaada wake dhidi ya mwenziwe. Ni ajabu, anaongeza, kwamba watu wathubutu kumwomba Mungu mwenye haki awasaidie kupata mkate wao kwa jasho la nyuso za wengine. Lakini tusihukumu, tusije tukahukumiwa.

Angalia alivyopanga. Kwanza anasema kweli juu ya mwenye kumiliki watumwa: anakula jasho la mwingine. Hailainishi hata kidogo. Ndipo anasema tusihukumu. Angelianza na la pili bila la kwanza, ingekuwa ni kufunika kombe mwanaharamu apite.

Maandiko

Kwa msomaji wa Kiswahili aliyekulia kanisani, hotuba ya Machi 1865 haina ugeni. Jasho la uso ni Mwanzo 3:19. Msihukumu ni Mathayo 7:1. Ole wake ulimwengu kwa sababu ya mambo ya kukosesha ni Mathayo 18:7. Hukumu za Bwana ni Zaburi 19:9. Anayeisoma mbele ya hadhira ya Kikristo atasikia watu wakimalizia aya kwa midomo yao. Mbele ya hadhira ya Kiislamu nayo, habari ya Mungu mwenye haki ambaye makusudi yake si lazima yawe makusudi yetu haihitaji tafsiri ndefu. Gettysburg inamtaja Mungu mara moja tu, na katika nakala mbili za awali kati ya tano zilizobaki kwa mkono wa Lincoln hata hapo hatajwi. Kwa shughuli ya serikali isiyotaka kuegemea dini, hilo ni jambo la kuzingatia, na linaipa Gettysburg nafasi yake.

Lincoln mwenyewe alijua maneno yake ya Machi hayatapendwa mara moja. Siku chache baadaye alimwandikia Thurlow Weed, mwanasiasa wa New York, kwamba anatarajia hotuba ile idumu sawa na chochote alichowahi kuandika, pengine zaidi, ila watu hawafurahii kuonyeshwa kwamba Mwenyezi alikuwa na kusudi tofauti na la kwao.

Kupatana: hapa ndipo wengi hukosea

Aya ya mwisho ya hotuba ya Machi ndiyo inayonukuliwa kila mahali. Bila kinyongo kwa yeyote, kwa upendo kwa wote, tukiwa imara katika haki kadiri Mungu anavyotujalia kuiona haki, tumalize kazi tuliyonayo: tufunge majeraha ya taifa, tumtunze aliyebeba vita na mjane wake na yatima wake, tufanye yote yatakayoleta amani ya haki na ya kudumu kati yetu na mataifa yote.

Ni maneno mazuri kupita kiasi, na uzuri wake umekuwa hatari. Watu huyang'oa kutoka kwenye hotuba, wakaacha nyuma mjeledi, upanga na miaka 250. Kinachobaki ni ujumbe wa yaliyopita si ndwele, ambao Lincoln hakuutoa. Kidonda hufungwa kikiwa kimeoshwa, na kuosha kunauma. Aya ya tatu ya hotuba, ambayo peke yake ni zaidi ya nusu ya maneno yote, ndiyo kuosha kwenyewe. Ukianzia kwenye bandeji umefungia usaha ndani.

Historia ilitoa mfano wa hilo kwa uchungu. Jengo la kumbukumbu ya Lincoln lilizinduliwa tarehe 30 Mei 1922, na hotuba ile ikiwa ukutani. Siku hiyo wageni weusi walikalishwa eneo lao la pembeni, mbali na weupe. Robert Moton, mkuu wa chuo cha Tuskegee, alialikwa kuzungumza kwa niaba ya watu weusi, lakini hotuba yake ilikaguliwa kabla na sehemu kali zikakatwa. Maandishi yaliyo juu ya sanamu yanamsifu Lincoln kwa kuuokoa Muungano wa majimbo ya Marekani, na hayasemi lolote kuhusu utumwa. Weupe wa Kaskazini na weupe wa Kusini walikuwa wamepatana. Aliyepigwa mjeledi hakuwa mezani.

Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland na kutoroka, aliliona hilo likija mapema. Alikuwepo Machi 1865. Jioni ya siku hiyo alikwenda Ikulu kumpongeza rais, polisi wakamzuia mlangoni kwa sababu ya rangi yake, mpaka Lincoln alipopata habari na kuamuru aingizwe. Rais alimpokea mbele ya watu akimwita rafiki yake, akamuuliza aliionaje hotuba, akisema hakuna mtu ambaye maoni yake anayathamini zaidi. Douglass akajibu kwamba ilikuwa kazi takatifu. Lakini huyu huyu Douglass, tarehe 30 Mei 1871 katika makaburi ya Arlington, alisimama kuwaonya Wamarekani wasisahau tofauti kati ya waliopigania kuokoa taifa na waliopigania kuendeleza utumwa. Hakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili, nami siuoni. Aliisikia hotuba yote. Alijua kutokuwa na kinyongo si sawa na kusahau nani alifanya nini.

Haki inataka niseme pia kilichokosekana. Hotuba ya Machi haiwaahidi waliokuwa watumwa chochote. Hakuna kura, hakuna ardhi, hakuna shule. Jana yake tu, tarehe 3 Machi, Lincoln alikuwa ametia sahihi sheria ya kuunda ofisi ya kuwahudumia walioachwa huru, na marekebisho ya Katiba ya kukomesha utumwa yalikuwa yamepita Baraza la Wawakilishi tarehe 31 Januari. Hayo yote hayamo. Watu weusi wamo ndani ya hotuba kama walioonewa, si kama raia wanaojenga kesho, ingawa watu weusi karibu 180,000 walivaa sare za jeshi la Muungano. Gettysburg, kwa upande wake, ina ile ahadi ya uhuru kuzaliwa upya, na ahadi hiyo inatazama mbele kuliko kitu chochote kilichomo katika hotuba ya Machi. Ndiyo maana Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, aliposimama kwenye ngazi za lile jengo la kumbukumbu ya Lincoln tarehe 28 Agosti 1963 alifungua kwa kuhesabu miaka kwa mtindo wa Gettysburg. Alikuwa anadai deni, na hotuba yenye ahadi ndiyo inayofaa kudaiwa.

Jukwaani na darasani

Kwa mwanafunzi anayekariri, Gettysburg ni rahisi kushika na ngumu kusema. Inakwisha kabla hadhira haijatulia, kwa hiyo msemaji akikimbia ameipoteza yote. Inataka mtu mwenye pumzi na utulivu. Uzuri wake kwa mafunzo ni kwamba muundo unaonekana: jana, leo, kesho, katika aya tatu. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuionyesha kwa kidole.

Hotuba ya Machi inataka mtu mzima kidogo. Nusu ya kwanza ni baridi, karibu kama taarifa, kisha inapanda ghafla kwenye Maandiko, inafika kwenye ile sentensi ya mjeledi na upanga, na kushuka kwenye upole wa mwisho. Anayeisoma kwa sauti moja tangu mwanzo ataichosha. Anayepiga kelele kwenye mjeledi ataiharibu, kwa sababu Lincoln hapo haonyeshi hasira, anaonyesha hofu ya Mungu. Sentensi ya "na vita vikaja" iachwe isimame peke yake, pumzi kabla na pumzi baada.

Yupo atakayeuliza kuhusu hotuba ya kwanza ya kuapishwa, ya 4 Machi 1861. Iache kwa shughuli hii. Ni ndefu, na ndani yake Lincoln anaahidi kutoingilia utumwa pale ulipo. Inafaa sana kwa anayetaka kuonyesha umbali ambao mtu mmoja anaweza kusafiri katika miaka minne, lakini isomwe na mwalimu karibu.

Kwa hiyo

Siku ya mashujaa, kumbukumbu ya ajali au vita, mahafali, shindano la hotuba lenye dakika tatu, somo la demokrasia: chukua Gettysburg, na kama ni darasani usiache kueleza ule uhuru ulikuwa wa nani.

Kongamano la maridhiano, ibada ya toba ya kitaifa, kumbukumbu ya utumwa kama zinazofanyika Bagamoyo au Mkunazini, mjadala kuhusu fidia, au mkutano wa watu waliopigana na sasa wanatakiwa kuishi kijiji kimoja: chukua ile ya Machi 1865. Mwandaaji akikuambia muda hautoshi na usome aya ya mwisho tu, omba dakika nne za ziada. Akikataa, soma aya ya tatu na umwachie mtu mwingine aya ya mwisho.

Mwenye vipindi viwili asome zote, Gettysburg kwanza, na aongeze kipande cha hotuba ya 11 Aprili 1865, ya mwisho katika maisha ya Lincoln, aliyoitoa kutoka dirisha la Ikulu siku mbili baada ya Lee kusalimu amri. Humo, kwa mara ya kwanza mbele ya umma, alisema angependa baadhi ya watu weusi wapewe kura, wale wenye elimu na wale waliopigana kama askari. Ndilo lililokosekana Machi. Booth alikuwa akisikiliza, na siku tatu baadaye akampiga risasi.